Mlango wa Lau

Mwezi uliopita lilitokea darasani kwetu jambo dogo ambalo twaona lafaa kuletwa mbele ya wasomaji wetu. Vijana wa darasa la alasiri, hapa Mbinga mjini, walikuwa wameona katika simu ya mmoja wao sinema ya mtu aliyepanda gari likamrudisha nyuma miaka mingi, hata akawakuta wazazi wake wangali vijana wasiooana. Walipofunga misahafu yao wakatuuliza: "Ustadhi, lau gari hilo lingekuwako kweli, wewe ungerudi kutengeneza nini?"

Kwa desturi ya walimu wanaposhikwa, tukalirudisha swali kwa walioliuliza. Mmoja akasema angerudi siku ya mtihani wa darasa la saba, na majibu ameyatia mfukoni. Wa pili akasema asingeliuza baiskeli ya marehemu baba yake. Wa tatu, ambaye kila mtu amjua kwa mapenzi yake ya chakula, akasema angeirudia Idi iliyopita, wala si kutengeneza kitu, bali kula tena. Wenziwe wakacheka, nasi tukacheka. Kisha binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema kuwa yeye angerudi jioni ile bibi yake alipomwita amletee maji, naye akajifanya hakusikia. Bibi huyo alifariki wiki ile ile. Hapo kicheko kikakatika. "Na wewe, Ustadhi?" wakauliza tena. Adhana ya Magharibi ikatuokoa, tukainuka kwenda kutawadha.

Walakini swali halikutuacha. Mwezi mzima tukawa twaliuliza barazani, sokoni, na katika gari la kuteremkia ziwani, na majibu tuliyoyapata yametuonyesha kwamba watu wanapotamani kurudi nyuma hawatamani kitu kimoja, ingawa wote hulitumia neno moja.

Jirani yetu mmoja, mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo, hakufikiri hata dakika. Akasema: "Mimi ningerudi mwaka 2002, niushike mkono wangu mwenyewe nilipoinua shoka." Kahawa ya Mbinga, kama wasomaji wa huku wajuavyo, ilianza kupandwa katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ndiyo iliyoezeka nyumba bati na kulipa ada za watoto. Hata kufika mwaka 1989 nchi zinazouza kahawa na zile zinazonunua zilikuwa na mapatano yaliyompimia kila mmoja kiasi chake, bei ikashikika. Mwezi wa Julai mwaka huo mapatano ya viasi yakavunjika. Mwaka 1994 baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, bei ikaruka juu, na huku kwetu watu wakanunua mabati, magodoro na redio. Kisha Vietnam ikatoka na kahawa nyingi mno, na ulipofika mwaka 2001 bei ya dunia ilikuwa imeporomoka kabisa. Chama kilichokuwa kikiwapa wakulima mbolea kwa mkopo kilikuwa kimekwisha anguka katika miaka ile ya 1990. Basi jirani yetu, mwenye watoto sita na deni la mbolea, akakata nusu ya mibuni yake, akachimba ngoro, akapanda maharage na mahindi.

(Kwa msomaji asiyezijua, ngoro ni yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa mlimani kama sega la nyuki. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, zikafukiwa kwa udongo, na katikati huachwa shimo la kushika maji ya mvua yasiteremke na rutuba. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba. Wapo wataalamu waliotoka mbali hata Japani kuja kujifunza kazi hii kwa mabibi zetu.)

Mwaka 2011 bei ya kahawa ikapanda. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 ikapanda tena hata ikavunja rekodi ya miaka mingi. Jirani yetu atuambia kwamba kila bei inapotangazwa redioni mkewe humtazama, wala hasemi neno, na mtazamo huo ni mzito kuliko maneno. Tukamwuliza: "Bwana, mwaka 2002 ulikuwa waijua bei ya 2011?" Akajibu: "Ningeijuaje, Maalimu? Watoto walikuwa wanalala na njaa."

Mzee mmoja wa Liuli naye alitusimulia kisa cha mababu zake. Zamani za Wajerumani Liuli iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe kubwa la Pomonda lililowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na tarehe 13 Agosti 1914 ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa akijuana vema na nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na husimuliwa kwamba walikuwa wakinywa pamoja. Habari ya kuwa vita vimeanza Ulaya ilikuwa haijamfikia. Basi akapanda mashua kwa hasira kwenda kumwuliza mwenzake amepatwa na wazimu gani, na huko huko akafanywa mateka. Mzee akacheka, akasema: "Huyo angerudi siku moja tu, angekimbilia mwituni."

Na wavuvi wa Mbamba Bay, tulipowauliza, wengi walitutajia nyavu, injini na wake. Lakini mmoja wao, kijana anayesoma magazeti, akasema yeye angekwenda Berlin tarehe 1 Julai 1890, siku Waingereza na Wajerumani walipotia sahihi mkataba uliopitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa, badala ya katikati ya maji. Kwa mkataba huo ndugu zetu wa Malawi wadai ziwa lote mpaka miguuni petu, nasi wa Tanzania twasema mpaka ni katikati. Shauri hili liliwaka katika miaka ya 1960, likawaka tena mwaka 2012 habari za kutafuta mafuta ziliposikika. Mkataba ule wenyewe ulikuwa na kifungu kinachoruhusu mipaka irekebishwe kwa mapatano, kwa kufuata hali ya mahali. Twamwambia kijana huyo, basi, kwamba hana haja ya kwenda mbali hivyo. Mlango aliotaka kuufungua uliachwa wazi, na kilichokosekana ni wenye kuupita.

Tuwatazame watu hawa. Mkulima na nahodha Berndt hawakukosa akili, wala hawakudhulumu mtu, walikosa habari. Anayetaka kurudi mwaka 2002 na bei ya 2011 mfukoni hataki kutubu, ataka kuijua ghaibu, na ghaibu si haki ya mja. Yule kijana wa mtihani ni hao hao, ila yeye amesema wazi kwamba angechukua majibu. Katika jambo la namna hii ndimo Mtume (s.a.w.) alimotuonya, katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim, kwamba likitusibu jambo tusikae tukisema lau ningefanya kadha, bali tuseme kuwa Mwenyezi Mungu amekadiria, kwani lau humfungulia Shetani mlango wa kazi yake. Nasi twamjua mtu aliyeuingia mlango huo kwa ajili ya mibuni hamsini, akatoka kwa upande wa kilabu cha pombe.

Hata hivyo ndugu zetu wasifahamu kwamba neno lenyewe ni haramu ulimini. Mwaka wa 10 wa Hijra, katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) aliwaamuru wale wasio na wanyama wa kuchinja waifanye Hija yao kuwa Umra, wavue ihramu. Likawa zito kwao, kwani yeye mwenyewe alibaki katika ihramu kwa sababu ya wanyama aliowaleta. Ndipo akawaambia maneno ambayo maana yake ni kuwa, lau angalijua mwanzo aliyoyajua mwisho, asingaliwaleta wanyama wale. Alilitumia lau kuwatuliza watu na kuwafundisha, wala hakulia juu yake.

Na atakaye mfano ulio mkubwa zaidi, aitazame siku ya Uhud, mwaka wa 3. Rai ya Mtume ilikuwa kubaki Madina na kupigana humo. Vijana wengi wakataka kutoka, naye akafuata shauri lao. Njiani Abdullah bin Ubayy akarudi na watu wapatao 300. Juu ya kilima wakawekwa wapiga mishale 50, wakiamriwa wasiondoke hata iweje. Walipoona adui akikimbia, wengi wao wakateremka kufuata ngawira, na Khalid bin Walid, aliyekuwa bado upande wa Makuraishi, akazunguka nyuma. Wakauawa Waislamu 70, na Hamza miongoni mwao. Ni lau ngapi hapo? Wanafiki wakazisema zote: lau wangetusikiliza wasingekufa. Qurani ikawajibu katika Suratu Aali Imran kwamba, kama ni wakweli, basi nao wajikinge na mauti.

Sasa wasomaji wetu watazame alichofanya Mtume. Asubuhi ya pili yake akawaita wale wale waliopigana jana, majeraha yao yangali mabichi, akatoka nao hata Hamraul-Asad, maili kama nane kutoka Madina, adui asirudi. Hakurudi nyuma siku moja. Alikwenda mbele siku moja. Na wale walioasi amri juu ya kilima akaamriwa awasamehe, na zaidi ya hayo aendelee kushauriana nao. Sisi tungalikuwa wakubwa wa jeshi lile, shauri la vijana lingalipigwa marufuku mpaka leo.

Hapa twaingia katika namna ya pili, nayo siyo ya mkulima wala ya nahodha. Wapiga mishale waliijua amri. Binti wa darasani kwetu alisikia bibi yake akiita. Huyu hakukosa habari, na kumwambia kuwa yote ni kadari, alale, ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, ametaja katika Riyadhus-Salihin sharti tatu za toba katika haki ya Mungu: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa ni haki ya binadamu, sharti huwa nne, na ya nne ni kumrudishia mwenyewe haki yake, au kutaka msamaha kwake. Majuto, basi, ni sharti moja tu kati ya nne. Wengi wetu hulipa hiyo moja, tukadhani tumemaliza deni.

Tuna mfano wake karibu sana, kwani kutoka Mbinga hata Songea si safari ya nusu siku. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, watu walikuwa wameaminishwa kwamba maji ya dawa yangezigeuza risasi. Wao ni watu wa namna ya kwanza, waliokosa habari, na Mungu awarehemu. Lakini waliowashinda walijua wanalolifanya. Chini ya utawala wa gavana von Götzen askari wa Kijerumani walichoma mashamba na maghala, mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wapo wanaohesabu waliokufa katika vita vile na njaa yake kuwa hata 300,000. Mwezi wa Februari 1906 wakubwa wa Wangoni walinyongwa Songea kwa makumi, naye nduna Songea Mbano, ambaye mji wachukua jina lake, akanyongwa pia. Wazao wake washikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika hapo penye makaburi na jumba la makumbusho kuwakumbuka.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaweka shada la maua, akakaa na wazao wa waliouawa, akasema kwamba anaona haya kwa yaliyotendwa, na kwamba ataka kuomba msamaha. Miaka 117 ilikuwa imepita. Habari hii ilipozungumzwa barazani petu palitokea mabishano. Wengine walisema: maneno yana faida gani, waliokufa hawatafufuka. Wengine wakasema: mtu mkubwa ameinama, tumpokee.

Rai yetu ni kwamba wote wawili wamesema nusu. Kuomba msamaha si jambo dogo, na mwenye kulidharau ajaribu yeye kwenda kwa jirani aliyemtukana juzi. Ila wazao wa Songea Mbano walipokaa na Rais yule hawakumwomba awarudishe mwaka 1906. Waliomba kichwa. Naye aliahidi kwamba kitatafutwa, bila ya kuahidi kwamba kitapatikana. Katika mwaka huo huo wa 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kuwa, kwa vipimo vya nasaba, wamewapata jamaa walio hai wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa Kilimanjaro zamani za Wajerumani. Basi kazi ya kutafuta yawezekana. Hiyo ndiyo sharti ya nne. Wakati haurudi, lakini fuvu laweza kurudi, na mtu akazikwa mzima kwa watu wake.

Tumekwisha waonyesha wasomaji makosa ya Wajerumani, na kazi hiyo ni nyepesi. Sasa twarudi kwenye swali ambalo adhana ilituokoa nalo.

Katika mwaka 1996, umri wetu ulikuwa haujafika miaka thelathini, nasi tukifundisha chuo kimoja kando ya ziwa. Elimu yetu ilikuwa ya chuoni na ya darasa la saba, na bakora tuliirithi pamoja na juzuu. Tulivyofundishwa ndivyo tulivyofundisha. Palikuwa na mtoto wa miaka kumi ambaye kila siku alisinzia. Wenziwe wakisoma kwa sauti, yeye kichwa chaanguka juu ya ubao, wino ukamshika shavuni. Tukamwonya, akasinzia. Siku moja tukampiga mbele ya wenziwe, bakora nyingi kuliko zilizostahiki hata kwa mwizi, kisha tukamwita Pono, kwa yule samaki wa baharini asifiwaye kwa usingizi. Darasa zima likacheka. Sisi tuliokuwa tukiwasomesha Suratul-Hujurat, ambamo Mwenyezi Mungu amekataza tusiitane kwa majina mabaya, ndio tuliotunga jina. Mtoto hakulia. Akakusanya vitu vyake, na chuoni hakurudi tena.

Baadaye tulihamia huku Mbinga. Kwenye mwaka 2009, katika mazishi huko Lituhi, tukakaa karibu na mjomba wa mtoto yule, naye pasipo kutulaumu akatueleza. Baba yake alikuwa ameumia mguu hawezi kuingia majini. Wakati wa giza, usipa wanapovuliwa, mtoto ndiye aliyeshika karabai usiku kucha katika mtumbwi wa ami yake ili nyumbani pawe na unga, na asubuhi akaja chuoni kwa miguu yake mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Wasomaji wetu watafikiri kwamba siku ya pili yake tulikwenda kumtafuta. Hatukwenda. Tulisema lau. Lau tungaliuliza neno moja tu. Lau tungaliujua ule mguu. Lau walimu wetu wasingalitupiga sisi. Tulilisema miaka kumi na zaidi, wakati mwingine kwa machozi, na katika miaka hiyo hatukupiga hatua moja kuelekea ziwani. Sasa twafahamu kwa nini mlango wa neno hili ni wa Shetani: huko ndani mtu hulia, akajiona mwema kwa kulia kwake, na mwenye haki yu nje anangoja. Barabara ilikuwa mbaya, twakubali, na masika ilikuwa haipitiki. Lakini sasa ni lami tupu, kilometa zipatazo 66 hata Mbamba Bay, na udhuru huo nao umekwisha.

Basi baada ya swali la vijana, siku ya Jumamosi, tukateremka. Tukafika kijiji tulichoelekezwa, tukamwulizia kwa jina lake na la baba yake. Wavuvi wakatazamana, hakuna amjuaye. Tukaeleza sura yake, mjomba wake, mtumbwi wa ami yake. Hapo mmoja akasema: "Aa, Pono! Mbona hamsemi Pono? Yule pale, chini ya mwembe." Tulisimama kitambo kabla ya kuweza kwenda.

Tulimkuta akishona wavu, mtu mzima anayekaribia miaka arobaini, ndevu zimeanza mvi. Alitutambua kabla sisi hatujamtambua. "Shikamoo, Maalimu." Tukaitika, tukakaa mchangani, tukasema tuliyokwenda kuyasema, nayo yalitoka vibaya, mwisho ukitangulia mwanzo. Aliendelea kushona. Kisha akasema:

"Fimbo nilizisahau, Maalimu. Hata nyumbani nilipigwa. Ila hili jina... mke wangu aniita hilo. Mwanangu alipozaliwa, kwenye kadi ya kliniki wameandika baba ni Pono."

Hatukuwa na la kujibu. Akakata uzi kwa meno, akasema: "Nimekusamehe, mbele ya Mungu. Lakini kusoma sijui. Fatiha niliishika kwa kusikia, na nyuma ya imamu nasimama kama gogo. Hilo sasa tutalifanyaje?"

Hakulisema kwa uchungu. Aliuliza kama mtu aulizaye nauli. Nasi kwa mara ya kwanza katika habari hii yote tukawa na kitu tuwezacho kukijibu.

Usiku wa giza yeye yu ziwani, kwani usipa hufuata taa. Siku hizi ni taa za betri, si karabai tena. Lakini mwezi unapokuwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi hulala ufukoni, na mvuvi huwa nyumbani. Basi tumepatana kwamba kila mwezi unapojaa sisi tutateremka, tulale huko siku mbili au tatu, na baada ya Isha tusome. Juu ya jina, tulisimama msikitini kwao baada ya Adhuhuri, tukawaambia watu kwamba jina lile tulilitunga sisi kwa dhuluma, na kwamba mwenyewe ana jina alilopewa siku ya saba. Wazee wakaitikia vizuri. Tulipotoka, kitoto kimoja kikapiga kelele, "Pono, wavu wako waliwa na mbuzi!" naye akakimbia kuuokoa, akicheka. Jina la miaka karibu thelathini haliondoki kwa hotuba moja, na huenda lisiondoke tukiwa hai, hilo twalibeba. Kuhusu kadi ya kliniki, tulimwuliza muuguzi wa zahanati, akasema litengenezwe na mwenyewe akifika na kitambulisho chake, na amekwisha kwenda.

Vijana wa darasa la alasiri tumewapa jibu lao, lote, pamoja na idadi ya bakora. Walinyamaza muda mrefu. Yule binti baadaye alitufuata peke yake, akauliza: na ambaye mwenye haki amekwisha kufa? Tukamwambia amwombee dua bibi yake, amtolee sadaka, na awaendee wale aliokuwa bibi yake akiwapenda. Akafikiri, akasema bibi alikuwa na rafiki yake mmoja, mwanamke mzee wa Kikristo aishiye karibu na mto, naye hachoti maji tena kwa sababu ya magoti. Sasa twamwona akipita na ndoo.

Masomo ya usiku tumeyaanza. Alifu, be na te zilichukua usiku mmoja, kwani vidole vilivyozoea uzi wa wavu havikubali kalamu upesi. Fataha na kasra zikachukua usiku wa pili. Binti yake wa miaka saba hukaa kando, akamsahihisha baba yake kabla yetu, na baba humkazia macho. Mchana kutwa hutengeneza mtumbwi, basi saa tatu ikifika wakati mwingine husinzia, kichwa kikaanguka juu ya juzuu. Nasi huipunguza taa, tukangoja.